Barua ya kuomba kazi serikalini si barua ya kuomba huruma

Tangazo la nafasi za kazi likitoka Dodoma, hapa Mwanza utalijua hata kabla hujafungua simu. Steshenari za Nyakato, Buzuruga na Nyegezi zinajaa vijana wenye bahasha za kaki. Mwenye duka anafungua kompyuta, anaitafuta barua aliyomwandikia mteja wa jana, anabadilisha jina na namba ya simu, anaprinti. Kijana anasaini, anaskani, anapakia kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, anarudi nyumbani kusubiri. Inaniuma kila ninapoliona hilo, kwa sababu najua vijana hawa wana mengi ya kusema, na barua ile haijasema hata moja.

Sidai kwamba barua peke yake inampa mtu ajira. Kuna vigezo vya elimu, kuna usaili wa mchujo wa kuandika, kuna mahojiano, na kwa baadhi ya kada kuna usaili wa vitendo. Ninachosema ni kwamba mtu akiiandika barua yake kwa kulisoma tangazo vizuri, anakuwa ameanza kujiandaa kwa usaili siku hiyohiyo. Aliyenakili barua ya mwenzake hana alichojiandaa nacho.

Chukua tangazo la Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, kada ambayo halmashauri za huku kwetu huitangaza mara kwa mara. Karibu kila mtu anasoma sehemu moja tu, ile ya sifa za mwombaji: kidato cha nne au cha sita, na astashahada ya NTA (mfumo wa taifa wa tuzo za ufundi) ngazi ya 5 katika fani kama utawala, sheria, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Akiona anazo, anafunga. Majukumu ya kazi, yaliyoandikwa palepale kwenye ukurasa huo, anayaruka. Na humo ndimo mwajiri alimoeleza anamtaka mtu wa namna gani: awe katibu wa mikutano na kamati za Halmashauri ya Kijiji, atunze kumbukumbu na nyaraka zote za kijiji, apokee na kusikiliza malalamiko na migogoro ya wananchi, asimamie ulinzi na usalama wa raia na mali zao, aandae taarifa za utekelezaji. Hayo ni maswali. Barua inatakiwa iyajibu.

Binti mmoja wa Ukerewe aliniletea barua yake ya nafasi hiyo niipitie. Ilikuwa imeandikwa hivi: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii na ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu. Nitashukuru sana endapo ombi langu litafikiriwa kwani nina familia inayonitegemea." Nikamuuliza, tangu umalize chuo umekuwa ukifanya nini? Akasema, "Hakuna, shikamoo, nipo tu nyumbani." Kumbe huyo wa kukaa nyumbani ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na ndiye anayeandika muhtasari wa kila kikao. Wanakikundi wawili walipogombana juu ya marejesho, yeye ndiye aliyefungua leja mbele ya wote, akasoma mstari kwa mstari mpaka mdaiwa akakubali deni. Pale mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, alikuwa akiwasaidia viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia ufukwe na uvuvi, kuandika orodha ya mitumbwi na wamiliki wake. Hakuyaandika yote hayo kwa sababu hakulipwa mshahara, akaona si kazi.

Tukaifuta ile aya. Mahali pake akaandika: "Kwa miaka miwili nimekuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Nimeandika mihtasari ya vikao vyote na kutunza leja ya hisa na mikopo. Ulipotokea mgogoro wa marejesho, niliwasomea wanachama kumbukumbu za kikundi na pande mbili zikakubaliana." Sentensi tatu, na ndani yake kuna ukatibu, utunzaji wa kumbukumbu na usuluhishi. Kuna majukumu matatu ya mtendaji ambayo tayari ameyafanya, na msailiwa akiulizwa atasimulia bila kubabaika kwa sababu ni maisha yake. Suala la familia inayomtegemea tuliliondoa. Ni la kweli na ni zito, lakini kila aliyeomba nafasi ile ana familia, na kijiji hakiajiri mtendaji ili kumsaidia yeye.

Neno "mchapakazi" ningependa liondoke kabisa kwenye barua za vijana wetu. Halina ubaya, ila halithibitishi kitu.

Mambo ya muundo nitayapita haraka. Kichwa cha barua kitaje nafasi kama ilivyoandikwa kwenye tangazo, pamoja na daraja lake. Barua iende kwa aliyetajwa: nafasi nyingine zinaelekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nyingine kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, na kuchanganya hao wawili ni kuonyesha hukusoma. Ukurasa mmoja unatosha. Saini kwa mkono kabla ya kuskani. Kwenye CV weka wadhamini ambao umewapigia simu na wamekubali, maana wengine huandikwa bila habari.

Penye kuwaumiza watu wetu zaidi ni vyeti na majina. Matangazo ya Sekretarieti yanasema wazi kwamba "result slip" za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki, wala hati za matokeo za muda, na bado vijana wanazipakia kwa sababu cheti kamili hawajakifuata shuleni. Nauli ya kwenda kukichukua ni ndogo kuliko mwaka mzima wa kusubiri tangazo jingine. Aliyesoma nje ya nchi avipeleke vyeti vyake vikahakikiwe na mamlaka husika, NECTA (sekondari), TCU (vyuo vikuu) au NACTVET (vyuo vya kati na vya ufundi), mapema.

Na majina, jamani. Kanda hii tuna majina ambayo makarani wameyaandika kila mmoja kwa sikio lake. Mtoto anaitwa Ng'wandu nyumbani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ngwandu, mwalimu wa darasa la saba akaandika Mwandu, na NIDA, wa vitambulisho vya taifa, ikaja na lake. Mwenye jina haoni tatizo, kwa sababu kijijini wote wanajua ni yeye. Siku ya usaili hakuna anayejua. Anayehakiki analinganisha herufi kwa herufi, na asiyekuwa na hati ya kisheria ya kubadilisha majina anarudishwa huku vyeti vyake ni halali kabisa. Kama unasoma hapa na una apostrofi kwenye jina lako, zitoe nyaraka zako zote leo, uzitandaze mezani, uzilinganishe. Ukikuta tofauti, nenda kwa wakili sasa hivi, tangazo likiwa bado halijatoka, kwa sababu ukishaitwa kwenye usaili siku zinazobaki ni chache mno.

Najua wapo watakaosema yote haya ni bure, kwamba ajira serikalini ni koneksheni. Siwezi kumwambia mtu aliyeomba mara nyingi bila kuitwa kwamba uchungu wake si wa haki. Lakini naona imani hiyo inavyowapeleka vijana kwa matapeli wanaodai wana "mtu wao Dodoma", wakati kuomba kupitia Ajira Portal hakulipiwi hata senti. Pesa ya ng'ombe wa mzee inaishia huko. Wengine wanashawishiwa kununua cheti. Hao niwakumbushe Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti na watumishi zaidi ya 9,900 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Walikuwepo waliokuwa wamekaa kazini miaka mingi. Wakatoka.

Lawama si ya vijana peke yao. Vyuo vinafundisha kuandika barua kwa wiki moja ya somo la mawasiliano, basi. Na aliyeko Ukara au Kome hapati tangazo lote. Anapata picha moja iliyokatwa kwenye kundi la WhatsApp, yenye jina la nafasi na tarehe ya mwisho. Majukumu yamebaki kwenye ukurasa ambao hakuna aliyeusambaza. Atayajibuje?

Ofisi za kata zina mbao za matangazo, na nyingi zimejaa karatasi za mwaka juzi. Mtendaji wa kata aprinti tangazo zima, kurasa zote, alibandike siku lilipotoka, na jioni moja awaite vijana waliomaliza vyuo wakae wasome majukumu kwa sauti, kila mmoja aseme ni lipi amewahi kulifanya kanisani, msikitini, kwenye kikundi au mwaloni. Hakuna bajeti inayohitajika hapo, na watendaji wenyewe walishapita njia hiyo.