Mfungo wa Siri

Katika Mathayo 6 Yesu anaagiza kwamba mtu anapofunga ajipake mafuta kichwani na anawe uso, ili watu wasimtambue kuwa anafunga. Wahubiri wengi huyapita maneno hayo kwa haraka ili wawahi kwenye thawabu. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nilikuwa nimepata kipaimara mwaka uliotangulia katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mkoani Kilimanjaro, na niliyachukua kama yalivyoandikwa, mafuta yakiwemo.

Nilikuwa na sababu. Wakati wa likizo ya Desemba, kundi la WhatsApp la vijana wa usharika wetu lilikuwa limejaa mifungo ya kutangazwa: picha ya Biblia iliyofunguliwa juu ya kitanda kilichotandikwa vizuri, na chini yake maneno kwamba hii ni siku ya tatu na Bwana ni mwema. Mmoja wetu alifunga hadi saa nne asubuhi, na tulipata taarifa zake kila nusu saa. Nikaapa moyoni kwamba Kwaresma itakapofika nitafunga kimya kimya. Ni kweli kwamba shule yetu, ambayo ni ya bweni na ya serikali, mkoani Dodoma, hairuhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo hata kama ningetaka kujitangaza nisingekuwa na pa kujitangazia. Lakini nia ni nia.

Mwaka huo wa 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, wakati wenzetu Waislamu walikuwa wameanza Ramadhani siku chache tu zilizopita. Mfungo wao ulikuwa na utaratibu wa kutia wivu. Amiri wao alikuwa amepeleka jikoni orodha ya majina, patroni ameitia saini, mpishi anawawekea uji na viazi vitamu vya kufuturu, na alfajiri wanaamshwa kwenda kula daku. Mimi nilikuwa na kopo la mafuta ya mgando.

Kila asubuhi baada ya kuoga nilijipaka kichwani, na kwa kuwa nywele za mwanafunzi hunyolewa hadi karibu na ngozi, mafuta hayakuwa na pa kujificha. Kichwa kiling'aa kama sufuria mpya. Ilipokaribia saa sita, jua la Dodoma likiwa limesimama juu ya bati la darasa, mafuta yaliyeyuka na kuanza safari ya kushuka kupitia kwenye paji la uso hadi machoni. Nikawa napangusa macho. Nikaomba ruhusa ya kwenda kunawa, kama Maandiko yanavyotaka, nikarudi, nikapangusa tena. Mwalimu wa Hisabati aliacha chaki ubaoni, akaniuliza kwa upole kama kuna tatizo nyumbani.

"Hapana, mwalimu," nilijibu, macho yakiwa mekundu. "Ni jambo la siri kidogo."

Darasa zima likanyamaza.

Chakula cha mchana kilihitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mtu asiyeonekana kwenye foleni ya bwalo huulizwa na kiranja wa chakula. Kwa hiyo nilipanga foleni na sahani yangu kama mtu mwingine yeyote, nikapokea makande, nikaenda kukaa chini ya mwarobaini ulio nyuma ya bwalo, na hapo kijana mmoja wa kidato cha kwanza wa bweni letu, niliyemwapisha asiseme kitu, aliyala kwa niaba yangu. Aliitunza siri kwa kadiri mtoto wa miaka 14 anayekula mara mbili anavyoweza kuitunza. Alimwambia rafiki yake mmoja tu, ambaye kesho yake alifika na sahani.

Sasa, mtu asiyekula, anayelia darasani na kujitenga chini ya mti, kwa Mtanzania yeyote huyo ni mfiwa. Monita wetu, kijana mwenye huruma nyingi na maswali machache, alifungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika juu yake "Rambirambi", akaupitisha dawati kwa dawati. Usiku, baada ya maandalio, alikuja kitandani kwangu pamoja na wajumbe wawili, akanikabidhi bahasha yenye shilingi 8,500 na kuniambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Niliishika ile bahasha nikiwa sijui la kufanya. Kama ningesema hakuna aliyekufa, wangeuliza kwa nini sili, na kama ningewaambia kwa nini sili, mfungo ungekuwa umeonekana na watu, tena watatu kwa mara moja. Nikasema asante kwa sauti ya chini, jambo lililothibitisha kila kitu. Mjumbe mmoja alianza kuimba pambio.

Kilichovunja mambo, hata hivyo, ni ugali. Shuleni kwetu chakula cha jioni hutolewa saa kumi na moja, ilhali jua huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu, na mimi nilikuwa nimeahidi kutokula kabla ya jua kuzama. Hivyo kila jioni nilichukua ugali wangu, nikaufunga kwenye gazeti na kuuficha ndani ya tranka hadi giza liingie. Jioni moja ya Ijumaa niliupumzisha mwili kidogo nikisubiri jua lizame, na nilipofumbua macho kengele ya Jumamosi asubuhi ilikuwa inalia, nayo Jumamosi ni siku ya ukaguzi wa bweni.

Patroni hakuhitaji kupekua. Msururu wa sisimizi ulikuwa umeingia kwa dirisha, ukashuka ukutani, ukapita chini ya vitanda vinne bila kukengeuka na kupanda moja kwa moja kwenye tranka langu. Aliufuata akiwa ameinama, mikono nyuma, na bweni zima likiwa nyuma yake. Nilipofungua kufuli, ugali ulikuwa pale juu ya Biblia yangu, umekauka, na ukurasa wa michezo umegandamana nao kiasi kwamba msimamo wa ligi ulisomeka vizuri juu ya ugali kuliko kwenye gazeti.

Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, ambayo watoto wa kipaimara huikariri hadi ndotoni, inakubali kwamba kufunga ni maandalizi mazuri ya nje. Haisemi lolote kuhusu mahali pa kuhifadhi chakula. Nilisimamishwa mbele ya mstari nikiwa na ugali mkononi na mafuta kichwani, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujipaka kabla ya ukaguzi, na patroni, ambaye ni Mwanglikana mwenye msimamo, akatangaza kwamba huyu hapa ndiye anayechukua chakula mara mbili wakati wengine wanakosa.

"Wewe si kiongozi wa maombi wewe? Hebu tuambie wote hapa, amri ya nane inasemaje?"

Nilikuwa na njaa ya tangu juzi yake, na akili ilishika kitu cha kwanza ilichokutana nacho. Nikajibu kwa sauti kubwa, kama tulivyofundishwa kujibu mbele ya mchungaji: "Usimshuhudie jirani yako uongo!"

Mstari uliguna. Patroni alipiga hatua moja nyuma. Yeye alikuwa anatarajia "Usiibe", ambayo kwa hesabu ya Waanglikana na Wasabato ndiyo ya nane. Lakini sisi Walutheri, pamoja na Wakatoliki, tunahesabu kwa namna nyingine, kwetu "Usiibe" ni ya saba na ya nane ni hiyo ya ushahidi wa uongo. Kwa maneno mengine, mbele ya shule nzima, nikiwa nimeshika kidhibiti mkononi, nilikuwa nimemwambia patroni kuwa ni mwongo.

Mkatoliki mmoja wa kidato cha nne alijaribu kunitetea kwa kupaza sauti kwamba nimejibu sawa. Msabato aliyekuwa nyuma yake akamwambia akasome vizuri Kutoka 20. Mtu fulani akasema kwamba katika Kutoka 20 amri zenyewe hazikupewa namba, na hapo kila upande ukamgeukia yeye. Monita, akiona ndugu yake anaonewa, alijitokeza mbele na daftari lake kumweleza patroni kwamba mwanafunzi huyu ana msiba.

"Nani amekufa?" aliuliza patroni.

Monita akanitazama. Mstari wote ukanitazama.

"Hakuna," nilisema. "Nimefunga."

"Umefunga?" Alikitazama kichwa changu, akautazama ugali, akachukua karatasi ya jikoni kwa amiri na kuisoma kutoka juu hadi chini. "Mbona humo kwenye orodha?"

Bahasha ilirudishwa siku hiyohiyo, na mjumbe aliyeimba pambio alidai shilingi zake 200 kabla ya wengine wote. Nilideki bwalo kwa kosa la kuweka chakula bwenini. Kisha patroni, ambaye hakutaka tena kuona mfungo usio na kumbukumbu katika shule yake, aliongeza jina langu kwa kalamu nyekundu chini ya jina la mwisho la orodha, na pembeni yake akaandika KKKT.

Amiri ni mtu wa wajibu na hakuwahi kumruka yeyote aliyemo kwenye orodha. Tangu siku hiyo, kila ilipofika saa kumi alfajiri, aliingia bwenini na tochi akiita majina kwa sauti ya kuamsha mtaa, na alipofika kwangu, kwa kuwa bweni letu lilikuwa na watu wawili wenye jina kama langu, aliongeza ufafanuzi: "Yule Mlutheri wa mafuta! Daku!" Vitanda vyote vililalamika kwa pamoja. Nilishuka, nikatafuta kandambili gizani, na kabla sijafika mlangoni nilisikia nyuma yangu yule kijana wa kidato cha kwanza, ambaye hakuna aliyemwita, akitafuta sahani yake.