Unakimbizwa na Nani?

Nilipokuja likizo Kenya mwaka jana, asubuhi moja nilikuwa nakimbia taratibu kando ya barabara. Mwendesha pikipiki akapunguza mwendo, akawa sambamba nami. "Mama, kuna shida? Panda nikupeleke." Nikamwambia nakimbia tu. Akatazama viatu vyangu, akatazama nyuma yangu kama kuna anayenifukuza, halafu akauliza, "Kwani uko timu gani?" Nilipomjibu sina timu, akaondoka akigeukageuka.

Simlaumu. Kwetu kukimbia ni kazi ya wenye kipaji. Eliud Kipchoge alimaliza marathoni Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Kelvin Kiptum akaweka rekodi rasmi ya dunia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Sisi wengine tunashangilia mbele ya televisheni. Shuleni mwalimu wa michezo aliwachukua watatu wa kwanza, waliobaki tukarudi darasani. Nilikuwa na miaka 12. Sikukimbia tena mpaka nilipokuwa na miaka 38, nikiwa tayari naishi Uingereza.

Kilichonirudisha ni parkrun. Ni kilomita 5, kila Jumamosi asubuhi, bila malipo. Ilianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, na wakimbiaji 13. Ina utaratibu mmoja ninaoupenda kuliko yote: kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kuwa nyuma ya watu wote, ili asiwepo mshiriki wa mwisho. Siku yangu ya kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye kizibao cha rangi kali, na mbele yake hakuwepo mtu ila mimi. Nikamwomba radhi kwa kumchelewesha. Akasema ameamka mapema ili awe hapohapo alipo. Kisha akaniuliza habari za wanangu, nikamsimulia kilomita mbili nzima.

Mwaka 2024 parkrun waliondoa kwenye tovuti yao orodha za rekodi za kasi. Wengi walilalamika sana. Mimi naunga mkono uamuzi ule kwa moyo wote, maana ukishabandika jina la wa kwanza mlangoni, yule wa mwisho anasoma ujumbe wake pia.

Lakini huku nako wana ugonjwa wao, nao ni saa ya mkononi. Nimeona mtu amefika mlangoni kwake, saa inasoma kilomita 4.9, akaanza kuzunguka magari yaliyoegeshwa mpaka itimie 5. Hajashindana na mtu, ila bado hajapata raha. Hapo utoto wetu ulikuwa bora. Tulikimbia kwa sababu mbele yetu kulikuwa na mteremko, basi.

Jambo moja televisheni haituonyeshi. Hao hao mabingwa wetu, siku za kupumzisha mwili, hukimbia polepole mno, wengine wakipiga gumzo. Kipimo chepesi cha mwendo huo ni maneno: ukiweza kutamka sentensi nzima bila kukatwa na pumzi, uko sawa. Ukishindwa, punguza, hata kama ni kutembea. Laiti mwalimu wangu angetufundisha hilo, nisingepoteza miaka 26.

Siku mbili kabla ya safari ya kurudi, dada yangu alikuja mlangoni amevaa raba za mwanawe. Akauliza tunakimbia mpaka wapi, nikamwambia mpaka tuchoke. Tulikwenda mwendo wa mazungumzo, tukimkumbuka marehemu mama, tukisimama kila alipotaka kusimama. Tulipofika darajani nilidhani tutageuza. Yeye ndiye aliyesema, "Twende kidogo tena."