Bunny Wailer Hakuwa Mwitikiaji wa Mtu

Juma lililopita mtangazaji mmoja wa redio alimtaja Bunny Wailer, mwanamuziki wa reggae wa Jamaika aliyeanzisha kundi la The Wailers pamoja na Bob Marley na Peter Tosh, kuwa mwitikiaji tu, yaani mwimbaji wa nyuma, wa Bob Marley, kisha akapitiliza kwenye matangazo ya biashara. Nilikereka sana, kwa sababu mtu aliyewahi kuisikiliza kwa utulivu albamu yake ya kwanza ya peke yake, Blackheart Man ya mwaka 1976, hawezi kutamka maneno hayo.

Tuanze na wimbo uliobeba jina la albamu. Huko Jamaika, watoto wa enzi za Neville Livingston, ambalo ndilo jina lake halisi, walitishwa kuwa Rasta ni mtu mwenye moyo mweusi anayejificha makorongoni na kuwang'oa watoto mioyo, kama sisi wa pwani tulivyotishwa na mumiani. Filimbi inatangulia, besi inaingia taratibu, na sauti nyororo ya mtu asiye na haraka inarudia maonyo ya mama kwa mwanawe. Kisha, bila hata kupaza sauti, mtoto yule anakua, anaifuata njia aliyokatazwa, na kujikuta yeye mwenyewe ndiye anayeogopwa. Hakuna anayetukanwa humo, wala serikali haitajwi, lakini msikilizaji anatiwa kwanza hofu ya jamii nzima ya Jamaika dhidi ya Marasta, halafu anaona aibu kwa kuwa aliiamini. Kwangu mimi, hakuna wimbo wa reggae uliolieleza jambo hilo kwa ukamilifu zaidi.

Upo pia ule aliotunga kutokana na kifungo chake cha mwaka 1967 kwa kosa la bangi, nao haulalamiki hata kidogo. Na tukija kwenye huo uitikiaji, Bob Marley na Peter Tosh wamo ndani ya albamu hii, na humo wao ndio wanaomwitikia Bunny.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kukataa kwake ziara za nje tangu mwaka 1973 kulimwachia Bob ulimwengu wote, na kwamba albamu zake za baadaye hazikuifikia hii, hata zile zilizompa tuzo za Grammy. Hayo hayapunguzi chochote katika kazi ya 1976. Kituo kile kiupige wimbo wa Blackheart Man mzima, zaidi ya dakika sita, bila kuukatiza, na mtangazaji yule awepo studioni akiusikiliza.