Hajawahi Kushindwa, Lakini kwa Kanuni Zipi?

Mjadala wa uchaguzi wa Agosti 2027 ukianza tu, watu wenye uzoefu wa siasa za Kenya hutoa kauli moja: tangu vyama vingi virudi, hakuna rais aliyegombea akiwa Ikulu akashindwa. Si wabunge wa UDA, chama cha Rais William Ruto, pekee wanaoisema. Utaisikia pia kwa wazee wa Bunge la Mwananchi pale bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi, watu waliopiga kura tangu siku za mlolongo, wapiga kura walipopanga foleni nyuma ya wagombea, na wasio na deni lolote kwa Ruto. Upande wa pili wako vijana wa "wantam", yaani muhula mmoja tu kwa Ruto, ambao huambiwa kwamba wanapiga kelele mitandaoni na hawaijui historia. Nimeipitia historia hiyo upya, uchaguzi baada ya uchaguzi, na naona haiwabebi wazee kama wanavyodhani.

Marais walioko madarakani wamegombea mara nne. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36, huku Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga wakigawana zaidi ya asilimia 60. Mwaka 1997 alirudi kwa takriban asilimia 40. Kanuni ya wakati ule ilimtaka mshindi aongoze wenzake na kupata robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, basi. Mwaka 2007 Kibaki alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura zipatazo 230,000, akaapishwa jioni ile ile. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata, na tume ya Jaji Johann Kriegler iliyouchunguza uchaguzi huo ikahitimisha kwamba uchaguzi uliharibiwa kiasi cha kutowezekana kujua nani alishinda. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 54, Mahakama ya Juu chini ya David Maraga ikaubatilisha uchaguzi Septemba 1, kisha katika marudio ya Oktoba 26 mpinzani wake mkuu, Raila Odinga, akasusia. Uhuru akavuna asilimia 98 ya kura katika zoezi ambalo zaidi ya nusu ya waliosajiliwa hawakujitokeza.

Hiyo ndiyo rekodi yote. Mara mbili rais aliungwa mkono na wachache, mara moja ukweli haukujulikana, mara moja ushindi ulifutwa. Mtetezi wa Uhuru atasema mahakama haikusema alishindwa, ilisema tu utaratibu ulikiukwa, na hapo ana haki. Hata hivyo ukweli unabaki kwamba tangu Katiba ya 2010 ianze kutumika, hakuna rais aliyekabiliwa debeni na mpinzani wake mkuu akapata matokeo yaliyosimama.

Katiba hiyo, kifungu cha 138, inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, pamoja na robo ya kura katika angalau kaunti 24. Moi wa 1992 asingeukaribia mstari huo. Ndiyo maana nashangaa wachambuzi wanapochukua ushindi wa Moi na kuufanya kipimo cha Ruto.

Tukiingia kwa Ruto mwenyewe, takwimu inayotajwa sana ni 233,211, yaani tofauti kati ya kura zake 7,176,141 na zile 6,942,930 za Raila mwaka 2022. Mimi naona takwimu nzito zaidi ni nyingine. Kura halali zilikuwa takriban milioni 14.2, na nusu yake ni kama milioni 7.1. Ruto aliuvuka mstari wa nusu kwa kura zisizofika 70,000. Vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 46,000. Gawanya, upate kura moja na nusu kwa kila kituo. Kura moja ingehamia kwa mwingine katika kituo cha Kayole, mbili katika kituo cha Limuru, na hivyo hivyo nchi nzima, basi tungerudi debeni ndani ya siku 30. Hii ni asilimia 50.49, iliyopatikana wakati Mlima Kenya ulikuwa umesimama naye kama ukuta, wakati mama mboga na bodaboda waliimba "hasla", kaulimbiu yake, kwa moyo wote, na kabla hajakata hata shilingi moja kwenye hati ya mshahara ya mtu yeyote.

Weka takwimu hiyo kando ya kaunti moja tu. Kiambu ilimpa zaidi ya kura 600,000, karibu mara tisa ya ziada iliyomwokoa. Tangu Oktoba 2024, Bunge lilipomwondoa Rigathi Gachagua, kigogo wa Mlima, katika unaibu wa rais, Kiambu, Nyeri na Murang'a zimekuwa mahali ambapo mkutano wa Rais huandaliwa kwa tahadhari. Siamini kwamba kura zote za huko zimemponyoka. Wapo wanaomheshimu Kithure Kindiki, aliyemrithi Gachagua, na Mlima wa Mashariki, yaani Meru, Tharaka Nithi na Embu, haujawahi kufuata Kiambu kibubusa. Lakini hahitaji kuzipoteza zote. Akipoteza nusu ya Kiambu peke yake anatakiwa atafute kwingine kura mara nne ya ile ziada aliyokuwa nayo.

Wandani wake wanajibu kwamba kwingine huko ni Nyanza, ngome ya Raila. Siaya na Homa Bay zilimpa chini ya asilimia mbili, kwa hiyo huko hawezi kwenda ila juu. Mkataba wa UDA na ODM, chama cha Raila, uliotiwa saini Machi 7, 2025, na kabla yake kuingia kwa John Mbadi, Opiyo Wandayi, Hassan Joho na Wycliffe Oparanya katika baraza la mawaziri, ulikusudiwa kufanya kazi hiyo. Kaunti nne za Waluo pekee zilimpa Raila kura zaidi ya milioni moja. Ongeza Pwani, ongeza Magharibi wanakosimama washirika wake Musalia Mudavadi na Moses Wetang'ula, ongeza Kaskazini na Bonde la Ufa, na hesabu inaanza kutimia. Hii ndiyo hoja bora ya upande wa Rais na haifai kudharauliwa.

Ana na mengine ya kuonyesha. Mapema 2024 dola ya Marekani ilikuwa imefika takriban Sh160, na tangu nusu ya pili ya mwaka huo imetulia karibu na Sh129. Mfumuko wa bei uliokuwa asilimia 9.6 mwezi uliofuatia kuapishwa kwake ulishuka hadi 2.7 miaka miwili baadaye. Mkulima wa Trans Nzoia aliyenunua mfuko wa mbolea kwa zaidi ya Sh6,000 aliupata kwa Sh2,500. Na hakuna mwanasiasa aliye hai Kenya anayejua kufanya kampeni kumshinda.

Tatizo la hesabu ya Nyanza ni kwamba aliyeshika kura zile alifariki Oktoba 15, 2025. Raila angeweza kusimama Kisumu akasema neno na likasikika, hata kama liliuma. Kaka yake, Oburu Oginga, anaongoza ODM, lakini Edwin Sifuna, seneta wa Nairobi, na Babu Owino wa Embakasi Mashariki wamekuwa wakiipinga wazi ndoa hiyo na serikali. Na mwaka 2022 wenyewe ulishatufundisha kuhusu kura za kurithishana. Uhuru Kenyatta, akiwa rais, akiwa na machifu, makatibu na vyombo vyote vya dola, aliwaomba watu wa nyumbani kwake wampigie Raila. Walimpigia Ruto. Rais wetu wa leo ni ushahidi hai kwamba dola haihamishi kura, na ni ajabu kwamba wanaomtetea ndio wa kwanza kulisahau hilo.

Wanaopinga hoja hii hunielekeza kwenye chaguzi ndogo za Novemba 27, 2025, ambapo UDA ilishinda Malava na Mbeere Kaskazini dhidi ya upinzani uliojipanga. Ni kweli, na upinzani ulilala siku hiyo ukiwa na majeraha. Lakini tazama Mbeere Kaskazini: naibu wa rais alipiga kambi, viongozi wa serikali wakamiminika, barabara na umeme zikaahidiwa, na ushindi ukapatikana kwa kura mia chache. Nguvu hiyo iliwekwa katika eneobunge moja. Agosti 10, 2027 maeneobunge yote 290 yatapiga kura kwa pamoja, na naibu wa rais ni mmoja.

Malawi imetuonyesha jinsi kanuni inavyobadilisha matokeo. Mei 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57. Februari 2020 mahakama ikafuta uchaguzi huo na kusema mshindi lazima apate zaidi ya nusu. Juni mwaka huo, watu wale wale, rais yule yule, Lazarus Chakwera akamshinda kwa zaidi ya asilimia 58. Septemba 2025, bei zilipopanda na mafuta yakawa adimu, Chakwera naye akashindwa akiwa Ikulu, tena na Mutharika huyo huyo. Zambia ilimwondoa Edgar Lungu 2021. Botswana, ambayo ilitawaliwa na chama kimoja tangu uhuru, ilimwondoa Mokgweetsi Masisi 2024. Wenzetu wa kusini wamezoea jambo ambalo sisi tunaliona kama muujiza.

Upinzani wetu una kasoro kubwa, na wanaoupenda wanakosea kuificha. Kalonzo Musyoka, Gachagua na Fred Matiang'i wote wana watu wanaowaambia kwamba zamu ni yao. Wenye kumbukumbu ya 1992 wanahofu kwamba mgawanyiko utampa Ruto ushindi kama ulivyompa Moi. Hapa tena kanuni imebadilika. Wagombea watatu wenye nguvu wanaweza kumzuia rais asifike nusu, kisha mmoja wao akakutana naye katika duru ya pili. Linalonitia wasiwasi zaidi ni mawakala: vituo zaidi ya 46,000 vinahitaji watu waliolipwa, waliokula, wasiolala hadi fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, itiwe saini, na vyama vitatu vinavyogombana havitawapata.

Na kuna vijana. Mwaka 2022 walio chini ya miaka 35 walikuwa asilimia 39.84 ya daftari, idadi iliyopungua kuliko 2017, na karibu Wakenya milioni 7.8 waliosajiliwa hawakupiga kura. Wengi wa walioingia barabarani kuanzia Juni 2024, katika maandamano ambayo Tume ya Haki za Binadamu ilihesabu angalau watu 60 waliouawa, hawakuwa hata kwenye daftari hilo. Kijana wa Nairobi anayelipwa Sh100,000 alikuwa akikatwa Sh1,700 za NHIF, bima ya afya ya zamani. Leo hukatwa Sh2,750 za afya na Sh1,500 za nyumba, kabla ya kodi nyingine. Hasira anayo. Anachoambiwa kila siku ni kwamba rais Kenya hashindwi, na akiamini hivyo ataiacha foleni ya IEBC, tume ya uchaguzi, arudi barabarani, kwenye risasi. Kwa ajili hiyo kauli hii inanikera. Inawaambia watoto waliokwisha kuzika wenzao kwamba karatasi haina maana, na inawasukuma magavana na wabunge kukimbilia serikalini wakiamini mshindi anajulikana. Kisha msongamano wao huko ndio unaotumiwa kuthibitisha kauli yenyewe.

Hukumu yangu ni kwamba Ruto anaweza kushinda, na bado ndiye aliye karibu zaidi na mstari kuliko mtu mmoja yeyote wa upinzani. Ila sioni anavyouvuka kwa mkupuo mmoja kama kura za Mlima zimegawanyika na za Nyanza hazina mwenyewe. Linaloelekea kutokea, na ambalo halizungumzwi kabisa, ni duru ya pili, kitu ambacho Kenya haijawahi kufanya. Katiba inaipa IEBC siku 30 tu baada ya ile ya kwanza. Mwaka 2022 karatasi zetu zilichapishwa Ugiriki. Mwenyekiti wa IEBC, Erastus Ethekon, na makamishna wake wanapaswa kuulizwa sasa hivi, bungeni na hadharani, kama mkataba wa uchapishaji una nafasi ya duru hiyo, kama bajeti yake imetengwa, na makarani wa vituo hivyo vyote watalipwa na nani wakirudi Septemba.