Wapiga Kelele: Baba, Sana

Mwenzenu nimeandikwa. Si gazetini wala mahakamani. Nimeandikwa kwenye daftari la kurasa 40, kwa penseli, na mtoto wa darasa la pili ambaye hiyo penseli nimemnunulia mimi. "WAPIGA KELELE: Baba, sana." Aliyesoma shule ya msingi nchi hii anajua uzito wa hilo neno la mwisho. Ukiandikwa jina tupu unaweza kujitetea kwamba ulikuwa unaazima rula. Ukiandikwa "sana" hakuna cha utetezi, unajiandaa tu.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, msije mkasikia upande wa monita peke yake.

Mwezi wa 12 dada wetu wa kazi aliomba ruhusa ya kwenda kwao Singida kula Krismasi. Siku 10 tu, baba. Nikampa nauli ya kwenda na ya kurudi, nikamwongezea kitenge cha mama yake, nikajiona bosi mwenye huruma. Januari ikaingia na mambo yake, ada, sare, michango, dada hapokei simu. Mwezi wa pili ukaingia ujumbe: "Shikamoo baba. Nimeolewa. Wasalimie watoto." Nikajibu marahaba, hongera. Ningesema nini? Nauli ya kurudi nadhani ilinywewa soda siku ya sherehe.

Ndipo nilipogundua kwamba nyumbani kwangu Tabata kuna watoto watatu, wazima wa afya, wanakula vizuri, na hakuna hata mmoja anayejua sabuni ya vyombo inakaa wapi. Na mimi nilikuwa sijui, ila mimi hakuna aliyeniuliza.

Basi nikashika usukani kwa kutumia kifaa pekee nilichokuwa nacho, mdomo. Kuanzia saa 11 alfajiri nabwata. Amka. Amka wewe. Umepiga mswaki? Huo mswaki mbona mkavu? Soksi iko wapi? Siyo hiyo, ya pili. Nani kaacha taa ya chooni, hizo yuniti za umeme mnadhani naokota? Nikirudi jioni naendelea pale nilipoishia. Nyumba zetu zimebanana, ukuta wa kwangu ndio ukuta wa jirani, kwa hiyo jirani anajua ratiba ya soksi zetu kuliko mke wangu. Siku moja akaja na pea mbili mpya, nyeupe, akampa kijana wangu mlangoni. Akasema, "Chukua mwanangu, na mimi nataka kulala."

Na watoto walikuwa hawasikii. Si kwamba viziwi. Karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha tatu, mlango umefungwa, feni inazunguka, wanasikia, na wanajua ni biskuti gani. Ila ukisema "osha vyombo", masikio yanaziba. Anaitikia "nakuja", na kwa Kiswahili chetu nyinyi mnajua mtu akisema "nakuja" maana yake anaondoka. Au vyombo vikitajwa tumbo linamkata, anaingia chooni, anakaa humo mpaka nyimbo tatu za redio ziishe. Hiyo choo sijawahi kuona ikitumika vile wakati wa kula.

Lakini lililoniua mimi ni neno moja. Nimeloweka.

Sufuria la ugali liko kwenye karo. Limejaa maji, ukoko umeanza kuvimba, unaelea kama ramani ya visiwa. Nauliza, nani alikuwa aoshe hili? Kijana wa darasa la sita anajibu kwa utulivu wa daktari, "Nimeloweka, baba." Naondoka nimeridhika, maana kuloweka ni hatua. Kesho yake jioni sufuria liko palepale. Namuuliza dada yake wa kidato cha pili, naye anasema alilikuta limelowekwa, na yeye akabadilisha maji. Akabadilisha maji! Siku ya tatu mle ndani mna harufu ya togwa. Sasa hapo ndugu zangu nisibwate? Nikabwata mpaka sauti ikakauka, halafu nikaliosha mwenyewe kwa hasira, na wao wakajifunza kwamba ukiloweka siku tatu, baba anaosha.

Nikaona hapa dawa ni sheria. Kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, watu wengi wanaijua kwa upande wa haki tu, ila mimi nikachimba nikakuta kifungu cha 15, kimeorodhesha wajibu wa mtoto. Kushughulikia mshikamano wa familia, kuheshimu wazazi na wakubwa, kuwasaidia wanapohitaji. Nikasema kumbe Bunge lilishamaliza kazi, mimi najichosha bure! Jumapili nikaitisha kikao sebuleni, televisheni ikazimwa, nikasoma kifungu kwa sauti ya hakimu.

Baada ya hapo nikatoa ratiba. Nilikuwa nimeichapisha kazini, nikaipeleka steshenari kuwekewa plastiki isiloe. Mistari 21. Saa 10:30 jioni kubadilisha nguo. Saa 10:45 kufagia uwanja. Saa 12:00 kujaza maji. Saa 1:15 usiku masomo. Kila mtu na rangi yake. Chini kabisa, kwa wino mzito: Msimamizi Mkuu, Baba.

Mke wangu akaiangalia muda mrefu. Akauliza, "Huyu msimamizi anasimamia, au anakaa?"

Sikumjibu. Ila ratiba yenyewe ilimjibu ndani ya wiki moja. Saa 12 ya kujaza maji, maji hayakutoka. Yakatoka saa 8 usiku, watu wamelala, mabomba yanapiga miluzi nje na madumu yetu matupu, maana kwenye ratiba saa 8 usiku palikuwa hapana kazi. Saa 1:15 ya masomo umeme ukakatika. Saa 10:30 ya kubadilisha nguo binti alikuwa bado kituoni, makondakta wanakwepa wanafunzi. Mimi nikirudi nakuta kila kitu kimepitiliza saa zake, na mtoto ananiambia, "Baba, muda wake umepita." Yaani kazi imekufa kwa kupitwa na muda, kama dawa.

Kwa hiyo nikawa nabwata kama zamani, tena sasa nikiwa na karatasi mkononi.

Kilichofuata sikukitarajia. Binti wa kidato cha pili akaomba kikao, yeye. Akaja na simu ya mama yake, na sheria ileile. "Baba, humu humu kuna haki ya mtoto kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki kwenye maamuzi yanayomhusu." Nikamwangalia mke wangu, mke wangu akaangalia dari. Ukimfundisha mtoto kufungua kisima na yeye atachota, ndio hivyo.

Maoni yao yalikuwa mafupi. Wakasema, baba, shuleni tuko darasa zima, mwalimu mmoja, na darasa linafagiliwa kila asubuhi bila mtu kubwata. Kweli. Pale shuleni kuna zamu, kuna viranja, kila kundi lina namba yake ya kufagia, na kuna kengele, ringi ya lori imening'inizwa kwenye mwarobaini, inagongwa na chuma mara moja, watu wanatawanyika. Mimi mwenyewe nilifagia namba miaka saba. Nilikuwa nimesahau kwamba wale walimu walikuwa hawaniambii mara kumi na moja. Waligonga ringi, wakaenda kunywa chai.

Wakaandika yao. Mistari sita, hakuna saa hata moja. Ukila, sahani yako unaiosha kabla hujaketi tena. Ukifika kutoka shule, sare inavuliwa kabla ya kugusa chakula. Maji yakitoka, yeyote aliye macho anaamsha mmoja na wanajaza, na hao wawili kesho hawafagii. Jiko ni la mtu mmoja wiki nzima, siyo siku moja moja. Hapa ndipo nilipovua kofia. Kwa nini wiki nzima? Kijana wangu akaeleza, huku anaona aibu kidogo, kwamba zamu ikibadilika kila siku, unaloweka ili likamkute mwenzako. Zamu ikiwa ya wiki, ukiloweka unajilowekea.

Mtu amejua hili siku zote ananyamaza tu!

Kengele ikawa mfuniko wa sufuria na mwiko. Unagongwa mara moja. Na sheria ya mwisho ndiyo iliyonimaliza: hakuna kusema jambo mara mbili. Anayesema mara mbili ni mpiga kelele, anaandikwa, na Jumamosi anadeki choo. Nani ataandika? Kitinda mimba, kwa sababu shuleni kwao ndiye monita na ana uzoefu. Nikacheka, nikasaini. Nilidhani ile sheria inawahusu wao.

Wiki ya kwanza niliandikwa mara tisa.

Jamani, mdomo ukizoea ni kama pikipiki kwenye mteremko. Nagonga mfuniko, kijana anainuka kwenda jikoni, ameshafika mlangoni kabisa, na mimi nasikia sauti yangu inasema "haya nenda". Anaandika. Binti ameshika fagio, nasema "na chini ya kochi". Anaandika. Siku moja sikusema kitu, nilikohoa tu, kikohozi cha kumaanisha. Kitinda mimba akanitazama, akafikiri, akaandika "Baba, kikohozi".

Jumamosi nikadeki. Nimekunja suruali, ndoo mkononi, jirani kasimama dirishani anakunywa chai. "Mbona siku hizi kimya hivyo?" anauliza. "Nilidhani mmehama."

Mama yangu alipokuja kutoka Korogwe ndiyo ikawa kesi nyingine. Kamkuta mjukuu wa kiume anasugua sufuria kwa stilwaya, masizi mpaka kiwikoni. Akanigeukia mimi, "Huyu ana dada mkubwa, anaosha yeye?" Kijana hata hakugeuka. "Ni zamu yangu, bibi." Bibi akasema zamu ni za manesi. Akanuna siku mbili. Siku ya tatu kitinda mimba akamwendea na daftari, akapiga na goti, "Shikamoo bibi. Wewe utapenda namba ipi?" Mama yangu akachagua kuchambua mchele. Mpaka anaondoka hajamruhusu mtu mwingine kugusa ungo.

Sasa sehemu inayouma. Nyumba ikawa inakwenda. Haing'ai, msinielewe vibaya, uchafu wa chini ya kochi bado upo na mimi siutaji. Lakini vyombo vinaoshwa, madumu yana maji, soksi ziko mbili mbili. Mimi nikawa nakaa jioni na mdomo wangu sina pa kuupeleka. Mke wangu, ambaye mambo yake huwa anayatunza mpaka yaive, akasema mbele ya kikao, "Kila mtu ana zamu humu ndani. Baba yenu kazi yake ilikuwa kubwata, na imefutwa. Apewe nyingine."

Nikapewa vyombo vya Jumapili mchana.

Jumapili iliyopita tumekula pilau. Mnajua ukoko wa pilau ulivyo, ule wa kahawia, umeshikana na sufuria kama wamefunga ndoa. Na watani wa jadi wanacheza saa 11 jioni, na kabla ya hapo kuna wachambuzi, na kabla ya wachambuzi kuna vikosi vinatajwa. Nikaingia jikoni, nikaliangalia lile sufuria, nikalimwagia maji, nikaenda zangu kukaa.

Mfuniko ukagongwa. Mara moja. Nikaongeza sauti ya televisheni.

Kitinda mimba akaja akasimama pembeni ya kochi. Hasemi neno, sheria anaifahamu. Anasimama tu na daftari lake. Kaka yake kaja kasimama nyuma yake, kajifuta mikono ambayo haikuwa na maji. Dada yao kaegemea mlango.

"Nimeloweka," nikasema.

Yule kijana akatoka nje mbio, namsikia anacheka mpaka kwa jirani. Mtoto wangu wa darasa la pili yeye hakucheka. Alifunua ukurasa mpya kabisa, akapiga mstari kwa rula, akaandika juu kwa herufi kubwa, SUGU, na chini yake jina moja.