Maji Hayana Itikadi?

Uzinduzi wa mradi wa maji kijijini una hotuba unayoijua kabla haijatolewa. Mgeni rasmi anafungua koki, anajaza ndoo, anamtwisha mama mmoja huku kamera zikimfuata, kisha anatamka: "Maji hayana itikadi, tushirikiane bila kujali itikadi zetu." Makofi. Hapo itikadi ni kadi ya chama na rangi ya kofia, basi.

Jioni redio inatangaza shambulio la "wanamgambo wenye itikadi kali", na neno lilelile sasa linanuka baruti. Masikini, mzizi wake wa Kiarabu ni wa kufunga fundo, ndugu wa akdi ya ndoa: jambo mtu alilolifunga moyoni akaliamini.

Wanaotaka itikadi iwekwe kando wana hoja, tena nzito. Tanzania iliwahi kuwa na itikadi iliyoandikwa, Ujamaa na Kujitegemea, tangu Azimio la Arusha la 1967. Mwanzoni watu waliombwa kuhamia vijiji vya ujamaa kwa hiari. Ilipofika Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, wengi walipakiwa kwenye malori, na wengine nyumba zao zikachomwa ili wasirudi. Mzee aliyepandishwa lori hilo akimsikia kijana anadai nchi irudie itikadi, ana haki ya kuuliza ni ipi hiyo.

Ila turudi kwenye ile koki. Kesho yake mama yuleyule atamkuta mhudumu wa kioski na daftari lake: ndoo shilingi 50. Miaka ya 1970 maji ya vijijini yalikuwa bure, gharama ikabebwa na serikali. Sera ya Maji ya 2002 ikawataka wanakijiji wenyewe walipie uendeshaji na matengenezo. Utaambiwa ule ubure ndio ulioua pampu, kwa kukosa fedha za spea na dizeli, na ni kweli nyingi zilisimama. Sawa. Lakini nani alipie maji, anayechota au hazina ya wote? Hilo ni swali la itikadi hasa, na lilikwisha kujibiwa bila mtu kulitaja kwa jina lake.

Kwenye maandishi, mambo ni mengine kabisa. Ibara ya 3 ya Katiba bado inasema nchi hii ni ya kijamaa, wakati Azimio la Zanzibar la 1991, uamuzi wa chama tawala CCM, lilikwisha kuwaruhusu viongozi kumiliki hisa na kupangisha nyumba, mambo ambayo Azimio la Arusha liliwakataza.

Mimi naiogopa zaidi itikadi isiyoandikwa. Azimio la Arusha, pamoja na makosa yake, mtu aliweza kulishika mkononi na kumuuliza kiongozi mbona ana nyumba tatu za kupangisha. Mama wa ndoo akihoji ile shilingi 50, anajibiwa ndio utaratibu, mama, sogea wengine wachote.