Wakati wa Wagiriki tuutafute shambani

Ukisoma makala za wakati katika visasili vya Wagiriki wa kale, mara nyingi utapokewa na mzee mwenye ndevu nyeupe, mabawa mgongoni na mundu mkononi, pengine na saa ya mchanga. Mzee huyo ni wa wachoraji wa Ulaya wa zama za Renaissance. Wao walimrithi kutoka kwa wafasiri waliokwisha kumchanganya Kronos, baba yake Zeus, na Chronos, yaani wakati wenyewe. Naona ametuharibia usomaji.

Tumrudie Hesiodos, mshairi wa Askra huko Boeotia, Ugiriki, takriban mwaka 700 KK. Katika Theogonia, shairi lake la nasaba ya miungu, Kronos anamhasi baba yake Uranos kwa mundu aliopewa na mama yake Gaia, kisha anawameza watoto wake watano akihofia kupinduliwa kama alivyopindua. Ni kisa cha kugombea enzi. Chronos hana hata nafasi katika nasaba ile ya miungu. Tafsiri kwamba watoto wanaomezwa ni miaka inayoliwa na wakati ni ya baadaye sana. Cicero, Mrumi wa karne ya 1 KK, anaieleza kwa Saturnus, ambaye ndiye Kronos wa Warumi.

Wakati wa Hesiodos unakaa kwa Horai, yaani Majira, mabinti watatu wa Zeus na Themis: Eunomia, utaratibu mwema, Dike, haki, na Eirene, amani. Kazi yao ni kuangalia shughuli za wanadamu. Kwangu hili ndilo wazo zito kuliko yote: majira na haki ni ndugu wa tumbo moja, na anayelima nje ya majira amekosea utaratibu uleule unaovunjwa na hakimu mla rushwa.

Ndiyo maana Kazi na Siku, shairi analomwelekeza nduguye Perses, limejaa hesabu. Kilimia, kundi la nyota ambazo kwao ni mabinti wa Atlas, wakichomoza alfajiri, vuna nafaka. Wakizama alfajiri, lima. Kabla ya kuchomoza huko wanajificha siku 40, usiku na mchana, kwa sababu jua liko karibu nao mno. Wanapomkimbia Orion, kundi jingine la nyota, na kutumbukia baharini, pepo zinachafuka: pandisha chombo pwani, kizungushie mawe, chomoa nguruzi, kizibo cha tundu la chini, ili maji ya mvua yasiozeshe mbao, na usukani uutundike juu ya moshi wa jikoni. Safari njema ni siku 50 baada ya jua kugeuka kiangazi. Mizabibu ipogolewe kabla mbayuwayu hajafika, naye huja baada ya nyota Arcturus kuchomoza jioni, siku 60 tangu jua lilipogeuka wakati wa baridi. Zabibu zikishachumwa zianikwe juani siku 10, usiku na mchana, ziwekwe kivulini siku 5, na siku ya 6 divai imiminwe mitungini.

Hapo nyota ya kisasili ndiyo kalenda yenyewe. Pwani yetu nako walishika majira kwa nyota hizohizo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Tatizo huanza msomaji anapotaka kugeuza mistari hii kuwa tarehe. Mhimili wa dunia huyumba polepole, mzunguko mmoja kwa takriban miaka 26,000, kwa hiyo nyota hazichomozi tena siku zilezile za mwaka wa jua. Enzi za Hesiodos, kilimia kilionekana alfajiri huko Ugiriki mnamo katikati ya Mei. Leo kinachelewa karibu mwezi mzima. Mkulima wa Boeotia akikisubiri mwaka huu, atakuwa nyuma ya kalenda ya shairi kwa karibu mwezi. Basi ukikuta tarehe katika maelezo ya chini ya tafsiri yoyote ya shairi hili, angalia kwanza imepigiwa hesabu ya karne gani na ya latitudo ipi. Isipoelezwa, usiitumie.